Binti yuko chuo, baba hapati usingizi: jibu kwa baba wa Tanga

Swali limetoka kwa baba mmoja wa Tanga, nalifupisha. Mke wake alifariki binti yao akiwa na miaka 7, hakuoa tena, akamlea mwenyewe pamoja na mdogo wake wa kiume. Binti sasa ana miaka 19, yuko mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dodoma. Baba anampigia asubuhi, mchana na usiku, anamtumia elfu tano kila siku kwa simu "ili awe na sababu ya kunitafuta", na kabla hajasafiri alimuwekea lokesheni kwenye simu, akawa anaangalia kila mara yuko wapi. Mwezi uliopita binti kaizima. Usiku akipigiwa hapokei, asubuhi anaandika "nilikuwa nimelala baba". Sasa anaomba likizo ndefu asirudi nyumbani, afanye fildi (mafunzo kwa vitendo) hukohuko Dodoma na apange chumba na mwenzake maeneo ya Ng'ong'ona. Baba anauliza: nimkatalie? nimfuate? nikimuachia mimi ntakuwa baba wa aina gani?

Kaka yangu, shikamoo kama umenizidi umri, na pole kwa yote uliyobeba miaka hiyo peke yako. Nianze na jibu lenyewe maana najua una haraka: usimkatalie, usimfuate, na hiyo lokesheni usiirudishe. Hatari Dodoma zipo, ntazitaja hapo mbele bila kuzungusha, ila namna unavyomlinda sasa hivi ndio hiyohiyo inayokunyima habari zake, na baba asiye na habari za mwanae hata likimfika jambo hana cha kufanya.

Ngoja nieleze. Kwa muda mrefu kwenye fani yetu ya ushauri nasaha iliaminika mzazi anayefuatilia sana ndio anayejua zaidi mambo ya mtoto wake, basi. Mwaka 2000 watafiti wawili waliokuwa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, wakatoa kazi iliyotikisa hiyo imani. Walichukua vijana wa miaka 14 zaidi ya 700 na wazazi wao, wakauliza kile mzazi anachokijua kuhusu mwanae kinatokea wapi hasa, kwenye kuhoji? kwenye masharti ya ruhusa? au mtoto anasema mwenyewe? Wakakuta sehemu kubwa inatoka mdomoni mwa mtoto bila kusukumwa, na wale vijana waliojiona wamebanwa sana hawakuwa na hali nzuri kuliko wenzao, walikuwa na hali mbaya zaidi. Utaniambia Sweden sio Tanga na ni kweli, lakini wazazi ninaokaa nao kwenye ushauri nasaha hapa kwetu wananionyesha kitu kilekile kila mwaka vyuo vikifunguliwa, anayejua mambo ya mwanae ni yule ambaye mwanae anapenda kumsimulia.

Sasa angalia simu zako mwenyewe, maana umeniandikia zinavyokwenda na nimeziona kama nimekaa pembeni. Uko wapi? Hosteli. Na nani? Peke yangu. Umekula? Ndio. Hela imefika? Imefika, asante baba. Haya, soma. Kaka, hapo hakuna hata sentensi moja ambayo binti kaichagua mwenyewe, amejibu tu kama mtu aliyesimamishwa getini, na ukimuuliza mtu hivyo mara tatu kwa siku anajifunza majibu yanayomaliza simu haraka. "Nilikuwa nimelala" ni mojawapo ya hayo majibu, inawezekana alikuwa amelala kweli, inawezekana alikuwa kwenye diskasheni na wenzake mpaka saa sita maana mwaka wa kwanza wanasoma usiku sana hasa mitihani ikikaribia, na inawezekana alikuwa mahali ambapo usingependa awepo. Wewe huwezi kujua ni lipi na hilo ndio tatizo lenyewe.

Badilisha hivi. Mpigie mara moja au mbili kwa wiki, siku mtakayokubaliana, na ukipiga anza na habari zako wewe. Mwambie gari la mzigo lilikwama Segera, mwambie jirani kaozesha, mwambie umepika wali wa nazi ukaunguza chini kwa sababu aliyekuwa anakukumbusha kupunguza moto hayupo. Alafu nyamaza, acha nafasi. Mara ya kwanza atashangaa, atauliza baba kuna nini, mara ya tatu ya nne ataanza kukupa vipande vyake: mwalimu fulani hafundishi anasoma slaidi tu, maji yamekatika hosteli, kuna rafiki yake analia usiku. Akikupa kipande usikirukie na ushauri. Uliza swali moja dogo la kutaka kusikia zaidi, "ikawaje?" inatosha kabisa. Najua kwa baba aliyezoea kutatua hili ni gumu kuliko kutuma hela, ila ndio kazi yako mpya.

Kuna jambo la karibu yetu hapa nataka ulijue. Mary Ainsworth, mmoja wa waliojenga elimu nzima ya jinsi mtoto anavyoshikamana na mzazi, kazi yake ya mwanzo hakuifanya maabara ya Marekani, aliifanya Uganda kwenye vijiji karibu na Kampala katikati ya miaka ya 1950, akitembelea familia 26 nyumbani kwao na kuangalia mama na watoto wachanga. Alichokiona ni kwamba mtoto mwenye uhakika na mama yake ndio anayethubutu kutambaa mbali, anakwenda kuchezea kitu kule, anageuka kumtazama mama, anaendelea, akishtuka anarudi mbio. Mtoto asiye na uhakika ndio anayeng'ang'ania nguo. Kwa hiyo binti yako kutaka kupanga Ng'ong'ona sio ushahidi kwamba kakukimbia, mtoto aliyepoteza mama akiwa na miaka 7 na leo ana ujasiri wa kutafuta fildi mwenyewe kwenye mji ambao hana ndugu, huo ujasiri aliutoa wapi kama sio kwako? Umefanya kazi nzuri sana kaka, sikuambii hivi kukufariji, naisoma kwenye meseji yako yenyewe.

Ila sisi Watanzania tuna shida moja kwenye hili. Kwetu siku ya baba kumuachia binti inajulikana, ni sendofu, baba anasimama ukumbini anatoa neno, watu wanalia, mama mdogo anagawa kanga, basi binti kaondoka rasmi. Wakati binti mwenyewe alishaondoka zamani, alianza bweni kidato cha kwanza au cha tano, akapita JKT, akaenda chuo, na hatua zote hizo hakuna aliyemwambia baba kwamba sasa kuna kitu kinatakiwa kibadilike kwako. Wazee walikuwa na utaratibu wao. Huko kwenu pwani binti alikuwa anapewa somo, mtu mzima wa kike nje ya wazazi wake, wa kumfundisha na kumsikiliza mambo ambayo baba hawezi kuyasikia na mama anaona aibu kuyasema. Mengine ya zamani sitayatetea, lakini hili la kukubali kwamba mzazi mmoja hatoshi kuwa kila kitu kwa mtoto walikuwa wameliona vizuri. Wewe umekuwa baba, mama na somo kwa miaka 12. Mwangalie shangazi yake, au rafiki wa marehemu mama yake anayemheshimu, mwombe awe karibu na binti, alafu usimgeuze kuwa mpelelezi wako. Siku utakayomuuliza shangazi "kakuambia nini?" na shangazi akasema, huo mlango umefungwa na hautafunguka tena.

Sasa hatari zenyewe. Umeandika unachoogopa ni "wanaume", kama vile ni neno moja linalotosha, tulichambue kidogo maana woga usiochambuliwa unaishia kukataza kila kitu. Kuna mambo ya hatari ya kweli na kuna mambo ambayo wewe huyapendi tu. Kusuka nywele rangi, kuhudhuria bash ya mwisho wa semista, kuwa na mchumba wa darasani kwake, hayo ni ya kwake, una haki ya kutoa maoni ukiulizwa. Hatari ya kweli ni kama mwalimu au bosi wa fildi anayemwambia bila kulala naye hapati maksi au hasainiwi ripoti. Hiyo ni rushwa ya ngono, ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU wana namba ya bure 113. Hatari ya kweli ni mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, na ile ya kwenye simu, mwanafunzi anakopa elfu hamsini bumu (hela ya mkopo wa chuo) likichelewa, wiki mbili anadaiwa mara mbili yake, anaanza kutumiwa meseji za kumdhalilisha kwa kila namba iliyopo kwenye simu yake. Hatari ya kweli ni mwanaume anayempiga, anayemtisha, anayemnyang'anya simu.

Sasa jiulize, binti yako likimpata mojawapo ya hayo kesho saa tano asubuhi, atampigia nani? Kama anajua kitu cha kwanza utakachosema ni "ulikuwa unafanya nini huko" au "nilikuambia", atamwambia rafiki yake wa miaka 19 mwenye akili sawa na yake, au hatamwambia mtu. Nimekaa na mabinti waliobeba mambo haya miezi mizima na sababu karibu kila mara ilikuwa ileile, baba akijua ataniachisha chuo. Kwa hiyo mwambie waziwazi, tena kwa sauti, meseji haitoshi: "Likitokea lolote, hata kama kosa ni lako, nipigie mimi kwanza, sitakugombeza siku hiyo na chuo sitakuachisha." Na ukishasema ushike ahadi, hata kama atakachokuambia kitakukata maini. Akipata sapu, yaani akifeli somo akatakiwa kurudia mtihani, ushike. Akipata mimba, ushike pia, hapo ndio atakuhitaji kuliko siku zote.

Kuhusu lokesheni. Kwanza kisheria huyo ni mtu mzima, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni mwenye umri chini ya miaka 18, na wewe ulimuwekea kitu ambacho sina uhakika kama alikikubali au alishindwa kukataa tu kwa sababu ndio alikuwa anaondoka. Pili haimlindi na kitu, kidoti kwenye ramani kinakuonyesha yuko hosteli, hakikuonyeshi analia. Mwambie: umefanya sawa kuizima, nilipaswa kukuomba kwanza. Ukitaka mnaweza kukubaliana kwamba akisafiri usiku, mfano basi la Dodoma kuja Tanga kwa kupitia Morogoro na Chalinze, yeye mwenyewe anawasha mpaka afike. Hapo anayewasha ni yeye.

Na hiyo elfu tano ya kila siku naomba iishe mwezi huu. Najua ni upendo, na najua hakuna baba anayefurahia mwanae kulala njaa, lakini umeniambia mwenyewe ni kamba ya kumfanya akutafute, na yeye anaiona hivyohivyo. Kuna ubaya mwingine pia. Kama ana mkopo wa Bodi ya Mikopo, hela ya chakula na malazi imekuwa 10,000 kwa siku tangu mwaka wa masomo 2022/2023 lakini haiji kwa siku, inaingia kwa mkupuo, laki kadhaa kwa pamoja, na ndio maana kila chuo utasikia wanafunzi wanakula chipsi kuku wiki ya kwanza alafu wanamalizia na maandazi. Mtu anayepewa elfu tano kila asubuhi hajifunzi kushika laki tatu. Mpe ya mwezi mzima tarehe moja, kiasi mlichokipigia hesabu pamoja, nauli, bando, sabuni, pedi, chakula cha siku ambazo bumu halijaingia. Pedi ziandike kama zilivyo, usizizunguke kwa sababu wewe ni baba, umemlea peke yako unajua. Mwezi wa kwanza itaisha tarehe 20, ni karibu hakika. Usijaze pengo lote. Mwambie "tufanyeje hizi siku kumi?" na umsaidie nusu. Mwezi wa tatu utashangaa.

Chumba cha Ng'ong'ona. Kile chuo ni kikubwa, kimeanzishwa 2007 na majengo yake yametawanyika vilimani, wanafunzi wengi wanapanga vijiji vya jirani, hilo sio jambo la ajabu wala la uhuni. Kinachotakiwa ni chumba kizuri, na kazi ya kukichunguza mpe yeye. Badala ya "hapana" mtumie maswali, akuletee majibu. Mlango una kitasa kizima na komeo kwa ndani? Dirisha lina nondo? Choo na bafu viko ndani au uani, na kama ni uani taa inawaka usiku? Maji je, maana Dodoma mgao wa maji ni wa kweli, kuna tenki au mnabeba ndoo? Mwenye nyumba anakaa hapohapo, na wapangaji wengine ni akina nani? Kodi ni ya miezi mingapi na kuna mkataba wa maandishi wenye majina yenu wote wawili? Jioni mkitoka fildi mnarudi na usafiri gani, na kuna bodaboda mnayemjua? Akikujibu hayo yote kwa ufasaha, kashakuonyesha yuko tayari. Akibabaika kwenye mawili matatu, mwambie nenda kaangalie tena, na bado hujamkatalia. Ukitaka kwenda kumtembelea nenda, ila mwambie siku, uwe mgeni wake, ulale gesti, akupeleke kwenye hicho chumba yeye akutangulie. Na mwenzake mpelekee zawadi, machungwa ya Muheza kama ni msimu wake.

Ukiona hujui pa kuanzia, mwandikie hivi, badilisha maneno yawe yako: "Mwanangu, nimefikiria habari ya fildi na chumba. Nimekubali. Nina maswali machache kuhusu hicho chumba, ntakutumia, nijibu ukipata nafasi. Simu za kila saa naziacha, nilikuwa naogopa. Jumapili jioni ntakupigia, na wewe piga saa yoyote, hata usiku wa manane."

Hapo kwenye "nilikuwa naogopa" usipafute. Mabinti wengi wanajua baba zao wanawapenda, wachache wamewahi kusikia baba zao wanaogopa.

Nije kwako wewe sasa maana nadhani ndio kiini cha meseji yako japo umekiandika kwa mstari mmoja, kwamba ukitoka kazini nyumba iko kimya na unakaa unaangalia simu. Kaka, ulipofiwa ulikuwa na mtoto wa miaka 7 wa kumsuka, kumvisha na kumpeleka shule, na mdogo wake mchanga zaidi. Nadhani hukupata muda wa kulia. Wanaume wengi wanaobaki na watoto wadogo hawaombolezi, wanapika uji. Sasa binti kaondoka, na huzuni mbili zimekutana siku moja, ile ya zamani na hii mpya, na wewe unazihesabu zote kama wasiwasi juu ya Dodoma. Ndio maana hupati usingizi hata siku ambayo amepokea simu na kila kitu kiko sawa. Zungumza na mtu kuhusu mama yao. Kaka yako, imamu wako, mshauri, yeyote asiyekukatiza kwa kusema "ni mapenzi ya Mungu" kabla hujamaliza. Baada ya isha rudi barazani ulikokuwa unakunywa kahawa na wenzako, umesema uliacha kwenda tangu watoto wakiwa wadogo. Na mkizungumza na binti mtaje mama yake pia, mwambie alivyokuwa akiwa na miaka 19, nina hakika hiyo habari anaitaka na anaogopa kukuuliza asikuumize.

Kuna wakati wa kupanda basi bila kuaga, nao usiupuuze. Akikaa kimya siku kadhaa kinyume na mlivyokubaliana na wenzake hawajui alipo, usisubiri Jumapili, mtafute mshauri wa wanafunzi pale chuoni, ofisi ipo kwa kazi hiyo, na vyuo siku hizi vina dawati la jinsia. Sauti ikibadilika wiki nzima, hali chakula, hapati usingizi, haendi darasani, kauza simu au laptop bila maelezo ya kueleweka, au ametamka hata kwa utani kwamba amechoka kuishi, nenda. Hapo huingilii uhuru wa mtu, unakwenda kumchukua mwanao.

Mwisho huyo mdogo wake wa kidato cha pili, ambaye umemtaja mara moja tu kusema "huyu hana shida". Ana miaka 14 na anaishi na baba ambaye akili yake yote iko Dodoma. Kwake hujachelewa hata kidogo. Wiki hii mpe hela ya soko apange mboga ya siku tatu, mwache aende mwenyewe na arudi mwenyewe, akirudi kaeni mpike pamoja na umuulize bei ya nyanya imefikaje huko.